Moto Usiotoka Nyumbani

Jumapili, 4 Machi 2012

Mvua imenyesha tangu asubuhi. Profesa wangu alinizoeza kuandika kila siku, hata siku ambayo mtambo haukuwashwa: tarehe, hali ya hewa, kilichofanyika. Basi. Hali ya hewa: mvua, ukungu umeufunika mlima Hanang. Kilichofanyika: hakuna.

Mtoto alizaliwa mfu mwezi uliopita, hospitali ya misheni, mimba ikiwa ya miezi saba. Msichana. Nilikuwa nimekuja likizo kutoka chuoni Ulaya ili nijifungulie nyumbani. Gidion, mume wangu, alikaa siku chache akarudi Dongobesh kufundisha, kwa sababu shule haina desturi. Mimi nimebaki hapa Gitting kwa mama yake, na hapa desturi ipo.

Sisi Wairaqw tunaiita metimani. Mwanamke aliyefiwa na mtoto namna hii anakaa kando na watu mpaka wazee waseme yatosha. Sitoki nje ya ua wa minyaa. Siendi chemchemini. Sishiki mkono wa mtu. Ng'ombe wetu hawachungwi pamoja na wa wengine. Moto wa nyumba hii hautoki kwenda kwa jirani, wala wa jirani hauingii. Nina shahada mbili na ya tatu iko jikoni, na mama mkwe alinieleza haya yote huku anachambua maharage, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Nikamwambia sawa, mama. Sikuwa na nguvu ya kusema lingine.

Jumanne, 6 Machi

Mvua. Maziwa bado yanatoka. Mama amenifunga kifua kwa kitambaa.

Ijumaa, 9 Machi

Seifu amekuja na pikipiki yake. Ana duka Katesh, anachaji simu na kutengeneza redio, na huku juu hununua maharage. Ni Mwislamu, wazazi wake walitoka Kondoa, na mambo ya metimani anayapita kama anavyopita madimbwi. Aliingia hadi barazani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Seifu, ulivuka ua?"

"Nimevuka, mama. Simu ya dada imejaa chaji, ningeirushaje?"

Mama hakucheka, lakini alimletea kigoda. Chai hakumpa. Seifu naye hakuingoja.

Simu ilipowaka, barua pepe ya profesa ilikuwa inanisubiri. Wakaguzi wa jarida wamesoma makala yetu na wana swali moja tu. Wanauliza: mna uhakika gani kwamba ni umeme uliofanya haya, na si oksijeni iliyotoroka?

Niliandike hapa ili nilione vizuri. Kazi yangu ni utando. Unachukua manganizi na ndugu zake wawili wa madini, unawaunganisha na oksijeni, unawapaka juu ya kipande cha fuwele chenye ukubwa wa ukucha. Utando wenyewe ni mwembamba hivi kwamba unywele ukiupasua mara elfu bado utakuwa mnene kuliko huo. Ni sumaku, na unapitisha umeme; moja likizimika, la pili nalo huzimika. Ukiuwekea volti kwa juu, sumaku inazimika. Ukiigeuza volti, sumaku inapaswa kuwaka tena. Hiyo ndiyo ndoto ya watu wengi wenye maabara kubwa kuliko yetu, kwa sababu kompyuta itakayokumbuka namna hiyo haitakula umeme mwingi.

Wangu ulizimika vizuri sana. Haukuwaka tena. Makala yetu inasema umeme umeitawala sumaku, na kuhusu kuirudisha tumeandika ahadi tu, kwamba inafanyiwa kazi. Lakini kutawala ni kupeleka na kurudisha. Kupeleka tu ni kuharibu, na hilo hata ng'ombe akiingia kwenye mahindi analiweza.

Kipande chenyewe ninacho. Siku ya mwisho maabara nilikitia kwenye mkoba kwa sababu kilikuwa kimekufa na hakuna aliyekitaka.

Jumamosi, 10 Machi

Mvua.

Jumamosi, 17 Machi

Konsolata, mke wa Hermani, jirani yetu wa bondeni, amepita. Tulishika mimba miezi inayokaribiana. Wakati wa Krismasi tulipimana matumbo kwa kamba ya kufungia ndama tukacheka. Leo alinikuta nimesimama karibu na ua. Akashusha macho, akaiacha njia, akapita katikati ya mahindi yaliyolowa, na tumbo lile. Mahindi yalimlowesha hadi kiunoni.

Nilimwambia mama, "Ananikimbia kama nina ukoma."

"Anakimbia lililo juu yako. Wewe hakukimbii."

"Ni kitu kilekile, mama."

"Si kilekile," akasema, akaendelea kukamua.

Nilimchukia kidogo. Nilijua namchukia kwa sababu nilijiambia hivyo. Kuhisi kwenyewe sikuhisi.

Jumapili, 18 Machi

Gidion amepiga simu. Amesema huko mvua ni kubwa. Nikasema hata huku.

Jumapili, 25 Machi

Leo nimekwenda chemchemini. Sijui nieleze vipi. Mama alikuwa zizini. Vitambaa vya maziwa vilikuwa vinanuka na maji ya bati, ya mvua tunayokinga, yalikuwa yameisha baada ya siku tatu bila mvua. Miguu ikaingia kwenye mabuti ya mama yaliyokuwa mlangoni, ikatoka nje ya ua, ikashuka. Sikukusudia kumkosea mtu wala kuthibitisha lolote. Nilifua vitambaa vyangu pale kwenye jiwe ambapo wanawake wote hufulia, maji meupe yakateremka. Sikumwona mtu. Nikarudi.

Nikitafuta majuto siyapati. Nimeangalia kila mahali.

Ijumaa, 30 Machi

Ukungu. Maharage yametoa maua.

Jumatatu, 2 Aprili

Saa nne asubuhi wamekuja wawili, wakasimama nje ya ua: Hermani, na mzee Bura, ndugu wa marehemu baba mkwe wangu, ndiye mkubwa wa ukoo. Mzee Bura aliegemea fimbo yake. Hermani hakuegemea kitu.

Niliwaamkia kutoka mlangoni. "Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu," akasema mzee Bura, akamgeukia mama. "Agatha, ng'ombe wa Hermani ametupa mimba jana. Yule mwekundu."

"Pole, Hermani," mama akasema.

"Anakunywa maji ya chemchemi," akasema Hermani. "Na pale kwenye jiwe kuna nyayo. Mvua haijazifuta zote. Zimeshuka kutoka huku."

Hakuna aliyenitazama. Walikuwa wameamua kutonitazama, na nikaona wamefanya juhudi. Hermani aliendelea kwa sauti ya chini, "Baba, mimi si wa kugombana. Lakini mke wangu naye anakunywa maji hayo. Amebakiza wiki tatu. Tangu jana hajala. Amekaa kitandani ameshika tumbo, anahesabu mateke."

Nilijua la kusema. Ng'ombe wanatupa mimba kwa ugonjwa, upo wilaya nzima, bwana mifugo anaujua na kipimo chake kipo. Maneno yalikuwa tayari mdomoni kwa utaratibu mzuri. Nilikuwa nafungua mdomo nianze na hayo, au niseme ni mimi, mpaka sasa sijui ningeanza na lipi, mama akanipita akasimama mbele yangu.

"Nyayo ni za mabuti yangu," akasema. "Lile la kushoto nimelishona kwa mpira wa tairi, kila mtu analijua. Ni mimi niliyeshuka."

Mzee Bura akasogea karibu na ua. "Wewe, Agatha? Wewe uliyewafundisha wengine?"

"Mimi. Maji ya bati yaliisha nikaona uvivu kwenda mtoni. Ni kosa langu."

"Na wewe uko ndani ya metimani."

"Niko ndani. Tangu siku ya kwanza."

Hermani alimtazama kwa muda. Nadhani alijua. Mabuti yalikuwa yake mama, lakini mama ana miguu ya kutembea kama askari, na zile nyayo zilikuwa za mtu anayejikokota. Hata hivyo hakusema. Mzee Bura akatoa uamuzi: mama atatoa kondoo, na nyumba itaongezewa muda hadi Konsolata ajifungue salama na mtoto atolewe nje. Halafu moto wa nyumba utazimwa, na moto mpya lazima utoke kwa Hermani, mwenye kukosewa. Asipouleta, hatuna wa kumlaumu.

Wakaondoka. Mama akaingia kuangalia ugali.

Jumanne, 3 Aprili

Nimemuuliza mama kwa nini. Alikuwa anaosha yale mabuti.

"Ungesema wewe, wangekuogopa mpaka uzeeni. Mimi wananijua. Wataniogopa hadi mavuno, halafu watasahau."

"Lakini ulisema uko ndani tangu siku ya kwanza."

Aliniangalia kama mwalimu anavyomwangalia mwanafunzi aliyesinzia muhula mzima. "Fabiola, nakula sufuria gani?"

Anakula sufuria yangu. Analala chumba changu. Anaota moto huu. Mtu anayekula na mwenye metimani naye anaingia metimani, hilo nalijua tangu utoto. Nimeishi naye ndani ya ukuta mmoja wiki zote hizi nikiamini yeye ni mlinzi na mimi ni mfungwa. Sikuwahi kujiuliza kwa nini haendi kwenye kwaya, yeye anayeimba sauti ya pili miaka yote, wala kwa nini maharage yake anayauza kwa Seifu kwa bei ya kutupa badala ya kuyapeleka mnadani Endasak.

Akasema na jambo lingine, bila kuacha kusugua. Kabla ya Gidion alizaa wawili waliokufa. Mama mkwe wake alikuwa anamsogezea bakuli mlangoni kwa kijiti, mwaka mzima, kila mara. "Nikasema, nikipata mkwe, nikimpenda nisimpende, huyo hatakaa peke yake."

"Na ulinipenda?"

"Mwanzoni hapana. Ulikuwa unaongea sana."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wanasema. Nilikuwa nimekaa karibu kabisa na mtu anayeujua, na nikamwona kama ukuta. Nimeona aibu. Ni kitu cha kwanza nilichohisi tangu Februari na ni kidogo, kama mtu anayekugusa ukiwa umevaa koti.

Jumapili, 8 Aprili

Pasaka. Tumesikia kanisa likiimba ng'ambo ya bonde. Mama aliimba sauti ya pili akiwa jikoni, peke yake, taratibu, akiwafuata.

Jumamosi, 14 Aprili

Profesa ameandika tena. Mtambo wa kutengenezea utando umeharibika, hautafanya kazi hadi Agosti. Vipande vingine vyote vilikatwa na kutumika, hivyo kilichobaki duniani ni hiki kilicho kwenye mkoba wangu. Anataka niidhinishe jibu kwa wakaguzi: ni umeme, tunathibitisha. Nikiidhinisha, makala itatoka na nitamaliza shahada mwaka huu. Nikikataa, nirudi mwanzo, na sijui kama nina mwanzo mwingine ndani yangu.

Mchana mvua ilikatika. Nilikaa jikoni nikimtazama mama akichochea. Ana gae la chungu analotumia kusogezea makaa. Sehemu iliyofukiwa na majivu ni nyeusi tii, lakini kwenye ukingo, pale anapopuliza, limekuwa jekundu. Nimeliona gae hili, au dada zake, tangu naanza kutambaa. Udongo una chuma. Ukikosa hewa motoni unakuwa mweusi, ukipata hewa na joto unarudi mwekundu.

Na utando wangu je? Kama volti ilifukuza oksijeni, basi joto na hewa vitairudisha. Kama ilikuwa kazi ya umeme mtupu, moto hautabadilisha kitu.

Nililiangalia lile gae mpaka ugali ukaungua.

Ijumaa, 20 Aprili

Seifu ameleta mita yake ya kupimia umeme, ile ya njano anayopimia redio. Nilikitoa kipande kwenye kiboksi. Kina vidoa viwili vya dhahabu vya kugusishia waya. Nikagusa. Mita ikaonyesha moja peke yake pembeni, maana yake ukinzani, ule ugumu wa kupitisha umeme, umepita uwezo wake. Maabara, kabla hakijazimika, kilikuwa kilo-omu nne.

"Dada, hiki kimeungua," akasema Seifu.

"Hakijaungua. Nadhani kimepungukiwa."

"Kimepungukiwa nini?"

"Hewa."

Akafikiri. "Na unataka kukitia motoni ili kipate hewa. Mimi mteja akiniletea redio iliyokufa nikaitia motoni, ataniita polisi."

Nilitaka kucheka. Mdomo ulijua njia lakini haukufika.

Kikipasuka, hakuna kingine. Nilimweleza mama hivyo, kwamba miaka minne ya kazi yangu iko kwenye ule ukucha. Hakuuliza ni kitu gani. Alifagia majivu pembeni, akaweka gae pale makaa yalipo mekundu, akaniambia nikiweke mwenyewe, taratibu, kwanza pembeni kisha nisogeze. "Chungu ukikiwahisha kinapasuka," akasema. Halafu akapiga magoti akaanza kupuliza, pumzi ndefu zilizolingana. Alipochoka nilipokea mimi. Tulipokezana mpaka maharage yakaiva. Kisha tukakiacha kwenye gae kipoe na moto wenyewe, bila kukigusa.

Jumamosi, 21 Aprili

Kilo-omu tisa.

Nimepima mara nyingi, Seifu ameniachia mita. Tisa, tisa, tisa na kidogo. Jana hakikuwa kinapitisha kitu, leo kinapitisha. Hakikurudi chote, lakini kimerudi. Kwa hiyo ni oksijeni. Wakaguzi wako sahihi, kichwa cha makala yetu ni uongo tuliouamini, na mimi nina mwaka mwingine mbele yangu, labda miwili.

Mama aliuliza, "Kimepona?"

"Nusu."

"Nusu si haba," akasema, akatoka kwenda kufungua ndama.

Nilingoja nifurahi au nilie. Nikangoja. Mwisho nikaenda kupalilia maharage ya ndani ya ua.

Alhamisi, 26 Aprili

Tangu asubuhi wanawake wanapanda na kushuka kwa Hermani. Sisi tumekaa nyuma ya ua na hakuna anayetuambia kitu. Mama amechambua maharage yaleyale mara mbili. Saa tisa tumesikia vigelegele. Mama alikaa chini palepale kwenye tope.

Ni wa kiume. Seifu ametuthibitishia kwa simu. Konsolata na mtoto ni wazima.

Jumatano, 2 Mei

Nimemjibu profesa. Nimemwandikia kwamba si umeme, ni oksijeni, umeme uliifungulia mlango tu. Nimemweleza nilivyojua, na kwamba jaribio lilifanyika kwenye makaa ya kuni, hivyo halifai kuchapishwa, lirudiwe kwenye tanuru. Nimemwomba aondoe jina langu kama anataka kuendelea na jibu lile.

Ijumaa, 4 Mei

Amejibu kwa mistari miwili. Makala anaiondoa. Anauliza kuni za aina gani.

Nimemsomea mama. Amesema mwambie mzeituni wa porini, mti mwingine hauwi na makaa ya kukaa.

Jumamosi, 12 Mei

Jua. Mlima wote unaonekana hadi kileleni.

Mzee Bura alituma neno juzi kwamba leo ndiyo siku. Alfajiri mama alininyoa, nami nikamnyoa. Kichwa chake ni kidogo kuliko nilivyodhani. Tukamwaga maji kwenye mafiga mpaka moto ukazomea ukafa. Tukazoa majivu yote tukayapeleka mahali pa kutupia. Sikukumbuka ni lini nimeona jiko lile likiwa baridi. Kisha tukakaa barazani, tukiwa na vipara vyetu, kumngoja Hermani.

Saa tatu hakuja. Saa nne hakuja. Nilimwambia mama labda hawataki. Mama akasema, "Kama hawataki hatutapika. Kuna maziwa."

Halafu nikamwona mtu anapanda kutoka bondeni kwa njia yenyewe, si kupitia mahindi. Alikuwa Konsolata. Mkono mmoja alibeba gae lenye makaa, na mgongoni alikuwa na mtoto. Kwa desturi ilitosha Hermani. Mzazi mwenye mtoto mchanga hana ulazima wa kukanyaga hapa, na hakuna ambaye angemlaumu.

Alisimama kwenye ua. "Hodi."

"Karibu," mama akasema, akasimama.

Konsolata akavuka. "Shikamoo mama." Akampa mama gae, mama akaingia nalo jikoni. Tukabaki wawili. Nilimwambia pole kwa ng'ombe. Nikamwambia, kwa sababu sikuweza kukaa nalo, kwamba yale mabuti niliyavaa mimi.

"Najua," akasema. "Nilikuona. Nilikuwa kwa juu, nachuma mboga. Niliona unavyofua vile vitambaa nikarudi nyumbani bila kuchota."

"Hukumwambia Hermani?"

"Ningemwambia nini? Kwamba umefua maziwa?"

Alikuwa anafungua kanga huku anaongea. Akamleta mtoto mbele, akamtazama usoni kidogo, kisha akaninyooshea.

Sikunyoosha mikono. Nilimwambia, "Konsolata, huogopi?"

"Naogopa," akasema. "Mshike."

Nikamshika. Alikuwa wa moto na mzito, alinuka samli, na aligeuza kichwa kutafuta kifuani kwangu kama wanavyofanya wote. Hapo ndipo nilipolia. Nililia kwa sauti, kwa ajili ya binti yangu ambaye sikumshika, na Konsolata hakuniambia ninyamaze. Jikoni nilisikia mama anapuliza, pumzi ndefu zilizolingana, mpaka moshi ukatoka juu ya paa.